Shahamu Iliyofunikwa: Uchambuzi wa Kisa cha Rabba bar bar Hana

Kisa hiki kimo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya kisheria ya marabi, juzuu ya Pesahim, ukurasa wa 51, na maelezo yake hayazidi mistari michache. Rabba bar bar Hana, mwanachuoni aliyesoma kwa Rabi Yohanan katika nchi ya Israeli na baadaye akawa yuko Babeli, alikuwa anakula shahamu inayoshikamana na tumbo la nne la mnyama. Watu wa nchi ya Israeli walikuwa wakiila shahamu hiyo bila wasiwasi, na watu wa Babeli walikuwa wakiikataa kabisa. Wakaingia wanachuoni wawili wa Babeli, Rav Avira Mzee na Rabba mwana wa Rav Huna. Alipowaona, akaifunika wasiione. Wale wawili wakaenda kumsimulia Abaye, mmoja wa wakuu wa wanachuoni wa Babeli, naye akawaambia: “Amewafanya kama Wasamaria.”

Mtu asiyeijua sheria ya Kiyahudi anaweza kudhani kwamba hapa pana mla haramu aliyefumaniwa. Talmudi haikisomi kisa hivyo. Hakuna hata mmoja katika mjadala unaofuata anayesema kwamba Rabba alitenda dhambi kwa kula, na Abaye, ambaye maneno yake ni makali, hakugusa kilichokuwa ndani ya chombo. Kilichomuudhi ni kule kufunika. Ili tuone kwa nini ilikuwa hivyo, hatuna budi kuanza na shahamu yenyewe, maana kisa kingekuwa chepesi sana kama kilichobishaniwa kingekuwa desturi ndogo ya mezani.

Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 3 na ya 7, inawakataza wana wa Israeli kula mafuta ya ng'ombe, ya kondoo na ya mbuzi. Mafuta yanayokusudiwa ni yale ambayo, mnyama akitolewa sadaka, yalipaswa kuteketezwa madhabahuni: yanayofunika matumbo, yaliyo juu ya matumbo, na yaliyo juu ya figo karibu na kiuno. Anayekula kwa makusudi kadiri ya zeituni moja amestahili kukatiliwa mbali na watu wake, adhabu ambayo kwa fasiri ya marabi hutekelezwa na Mungu mwenyewe. Na aliyekula kwa kutojua alipaswa, siku za Hekalu, kuleta sadaka ya dhambi. Damu ina adhabu hiyo hiyo, na aya ya 17 ya sura ya 3 inayataja mambo hayo mawili pamoja. Katazo halikukoma Hekalu lilipoangushwa na Warumi mwaka 70, kwa sababu aya hiyo hiyo inaliita amri ya milele katika makao yote ya watu hao.

Mafuta mengine yote yako nje ya katazo. Paa na swala mafuta yao ni halali, na kuku na bata vivyo hivyo. Ndiyo maana jikoni mwa Wayahudi wa Ulaya ya mashariki mafuta ya kuku na ya bata bukini yalishika nafasi ambayo majirani wao waliwapa nguruwe na siagi. Hata katika ng'ombe yule yule, mafuta yaliyoingia ndani ya mnofu na yaliyolala mgongoni huliwa. Wasomaji wa Kurani watakumbuka Sura ya Al-An'am, aya ya 146, inayosema kwamba Mayahudi waliharimishiwa shahamu ya ng'ombe na ya kondoo na mbuzi, kisha papo hapo ikatoa nje ya uharamu huo iliyobebwa na migongo, au na matumbo, au iliyochanganyika na mifupa. Kwa hiyo ugumu wa sheria hii tangu zamani ulikuwa katika kujua mpaka unapita wapi, maana mnyama hakuumbwa na mstari unaotenganisha mafuta ya halali na ya haramu.

Kazi ya kuutafuta mpaka huo humwangukia mchambuaji wa nyama, mtu anayekaa na kisu baada ya mnyama kuchinjwa na kuondoa shahamu, utando wake na mishipa. Baadhi ya sehemu hazina utata. Shahamu ya figo ni nyeupe, ngumu, ikipoa inakatika vipande vipande vidoleni, nayo hubanduka vizuri zaidi nyama ikiwa bado ina joto. Utando wa mafuta unaofunika matumbo nao unajulikana kwa kuutazama tu. Shida iko kwenye vikunjo: pale ambapo mafuta yanaanza nje yakaishia chini ya mnofu, au yameng'ang'ania kiungo cha ndani kwa namna ambayo mkono hauhisi yanapoishia. Talmudi, katika juzuu ya Hulin, ukurasa wa 93, inamhukumu mchambuaji ambaye baada ya kazi yake imekutwa shahamu nyuma yake: ikiwa ni kadiri ya punje ya shayiri anaondolewa kazini, na ikiwa ni kadiri ya zeituni anachapwa viboko. Punje ya shayiri ni kitu kidogo sana mbele ya maungo ya ng'ombe mzima. Jamii iliyoweka kipimo hicho haikuwa na mzaha na shahamu, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila tunapomrudia Rabba na chombo chake.

Sasa tuje kwenye tumbo la nne. Ni lile ambalo kimeng'enya chake hugandisha maziwa, nalo limepinda. Wanachuoni wa Talmudi walilielezea kwa mfano wa upinde: ule upande uliobenuka wakauita upinde, na ule ulionyooka wakauita upote. Pande zote mbili zina shahamu. Je, shahamu hiyo ni ile ambayo Torati iliisema? Katika Hulin, kurasa za 49 na 50, swali hilo linarudishwa kwa Rabi Yishmael na Rabi Akiva, wakuu wawili wa karne ya 2, ambao walitofautiana kuhusu andiko linalotaja mafuta yaliyo juu ya matumbo. Walikubaliana kwamba kila kinachoharimishwa kifanane na yale mafuta ambayo hayana ubishi, lakini hawakukubaliana ni alama zipi zinazohesabika. Kuwa na utando mwembamba juu yake na kubanduka kulitosha kwa mmoja. Mwingine aliongeza sharti la kutandazwa kama nguo. Mafuta ya tumbo la nne huangukia ndani au nje kwa kutegemea sharti hilo moja la ziada. Wapokezi wenyewe hawakuafikiana nani kati ya wawili hao alisema lipi, na hata upande uliobishaniwa una riwaya mbili: kwa riwaya moja upinde ni haramu kwa wote na ubishi uko kwenye upote, kwa riwaya ya pili upote ni halali kwa wote na ubishi uko kwenye upinde. Kisa chetu kinataja upote.

Ubishi huu haukuisha kwa kura wala kwa hoja ya mwisho. Uligawanyika kwa ramani: nchi ya Israeli ikashika upande wa uhalali na Babeli ikashika upande wa uharamu. Inasimuliwa hapo hapo Hulin kwamba Rabi Hanina alimwambia mtumishi wake amkatie kipande cha shahamu hiyo ale. Mtumishi akasita. Rabi Hanina akamtazama, akamwambia kwa maana hii: kumbe wewe ni Mbabeli, basi kata utupe. Huu ni usemi wa mtu ambaye hakuudhika wala hakujaribu kumbadilisha mwenzake. Kusita kwa mkono kulitosha kumtambulisha mtu alikotoka, na Rabi Hanina akaachilia chakula chake mwenyewe kitupwe.

Kwa upande wa pili, Rav Nachman wa Babeli alipoulizwa kuhusu mnyama ambaye tumbo lake la nne lina tundu, naye mnyama mwenye tundu la namna hiyo haliwi isipokuwa tundu limezibwa na mafuta ya halali, alijibu kwa swali: “Wao wanakula, kwetu sisi hata kuziba isizibe?” Jibu hili ni muhimu kwa uchambuzi wetu kuliko linavyoonekana. Rav Nachman hakula shahamu ile na hakuwaruhusu Wababeli waile. Lakini katika hukumu nyingine, iliyohusu uhalali wa mnyama mzima, aliutumia uhalali wa wenzao wa magharibi kama jambo la kweli, lenye nguvu ya kisheria. Asingeweza kufanya hivyo kama angeamini kwamba watu wa nchi ya Israeli ni wala haramu.

Hapo ndipo tulipo Rabba bar bar Hana anapoketi kula. Jina lake linajulikana zaidi kwa simulizi za bahari na maajabu yake katika juzuu ya Bava Batra, samaki waliodhaniwa visiwa na mawimbi yanayozungumza, simulizi ambazo mabaharia wa pwani yoyote wangezielewa upesi. Lakini katika mambo ya hukumu alikuwa mpokezi makini wa mafundisho ya Rabi Yohanan, na Babeli ilimtegemea kwa hilo. Alikula alichomwona mwalimu wake akila. Wageni walipoingia, alikifunika.

Kwa nini kufunika kulimuudhi Abaye kuliko kula? Jibu limo katika mjadala uliotangulia kisa. Kuna kanuni kwamba mambo ambayo ni halali, na watu fulani wakayashika kuwa haramu, hairuhusiwi kuyahalalisha mbele yao. Rav Hisda aliibana kanuni hii akasema inawahusu Wasamaria, kwa sababu wao, wakiona uhalali mmoja, watalegeza na mengine. Na baada ya mjadala ikaongezwa kwamba watu wa miji ya mbali ya ng'ambo ya bahari, ambako wanachuoni hawapatikani, wanahesabiwa vivyo hivyo. Kanuni yenyewe basi inawahusu watu wasioweza kupambanua. Mtu anayeificha shahamu yake mbele ya mwanachuoni anamweka mwanachuoni huyo katika kundi hilo hilo. Maana ya maneno ya Abaye kwa wale wawili ni kwamba wamedharauliwa, na kwamba mwenyeji wao aliwadhania kuwa wakiona chombo wangetoka pale wakidhani shahamu yote sasa ni halali.

Naona Abaye alikuwa na haki nusu. Kufunika kunaweza kuwa dharau, na kunaweza kuwa adabu. Mishna, yaani matini ya sheria ya kale ambayo mjadala wote umejengwa juu yake, sura ya 4 ya Pesahim, inasema kwamba mtu asibadilishe desturi ya mahali alipo kwa sababu ya kuogopa magomvi. Rabba angeweza kujitetea kwamba ndivyo alivyofanya: hakutaka kula mbele ya watu jambo ambalo kwao ni la kukatiliwa mbali. Mwenyeji mwenye busara hawalazimishi wageni wake kushuhudia kitu cha namna hiyo. Tena wageni hawakuwa wamealikwa kula; waliingia tu. Lakini ukali wa Abaye una sababu, nao unaonekana vizuri zaidi tunapotazama alichofanya mara baada ya hapo.

Mishna hiyo hiyo inasema kwamba anayehama kutoka mahali hadi mahali hubebeshwa makatazo ya mahali alikotoka na ya mahali alikofika. Talmudi inauliza swali la wazi: je, Rabba bar bar Hana hakuijua Mishna hiyo? Yuko Babeli, na Babeli inakataza. Anayesimama kumtetea ni Abaye yule yule. Anasema kanuni ya kubeba makatazo ya pande zote inamhusu anayetoka mji wa Babeli kwenda mji mwingine wa Babeli, au ndani ya nchi ya Israeli, au kutoka Babeli kwenda huko. Haimhusu anayetoka nchi ya Israeli kuja Babeli, kwa kuwa sisi, anasema, tuko chini yao na tunafuata wanayofanya. Wababeli walikubali kwamba idhini kamili ya uamuzi hutolewa nchi ya Israeli peke yake. Hata vyeo vinaonyesha hivyo: mwenye idhini huitwa Rabi, na msomi wa Babeli, hata awe mkubwa kiasi gani, huitwa Rav. Hivyo mtu aliyewakemea Wababeli wawili kwa kuwa wamedharauliwa ndiye huyo huyo anayekiri kwamba mamlaka iko kwa aliyewadharau. Hakuna mgongano hapo. Abaye anaukubali uwezo wa Rabi Yohanan wa kuhukumu, na papo hapo anakataa kwamba uwezo huo unawafanya wanachuoni wa Babeli kuwa wajinga.

Hoja yake, hata hivyo, inathibitisha kupita kiasi. Ikiwa Babeli iko chini ya nchi ya Israeli na inafuata wanayofanya, kwa nini Wababeli wote wasile? Rav Ashi, aliyeongoza chuo cha Sura na kufariki mwaka 427, anatoa jibu lisilo na udhaifu huo. Anasema hata anayetoka nchi ya Israeli kuja Babeli hubeba makatazo ya Babeli, lakini hilo ni kwa yule asiyekusudia kurudi. Rabba bar bar Hana alikusudia kurudi. Msomaji anayeijua hukumu ya kufupisha sala safarini, ambamo nia ya kukaa au kuondoka hubadilisha rakaa za mtu aliyesimama pale pale, hatashangazwa na jibu hili. Mwili wa Rabba uko Babeli, lakini kisheria yeye bado ni mtu wa Tiberia, mji wa Rabi Yohanan, anayepita tu. Kwa kipimo cha Rav Ashi, siku ambayo Rabba angeamua kubaki Babeli, shahamu ile ile katika chombo kile kile ingekuwa haramu kwake, bila hoja yoyote mpya kuhusu utando au kubanduka.

Hapa mtu anaweza kuinua pingamizi zito. Kuhamahama kwa desturi kunaeleweka katika mambo kama kufanya kazi asubuhi ya kuamkia Pasaka, ambalo ndilo suala la Mishna yenyewe. Lakini shahamu si desturi. Ama ni ile ya Mambo ya Walawi, na mlaji amestahili kukatiliwa mbali popote alipo, ama siyo, na katazo la Babeli ni la bure. Nia ya kurudi inawezaje kubadilisha mafuta? Kwa maoni yangu pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake ni kwamba Talmudi hapa haizungumzii tena asili ya mafuta. Swali la asili lilibaki bila mwamuzi tangu Rabi Akiva na Rabi Yishmael. Pale ambapo hukumu mbili halali zimesimama na hakuna chombo cha juu cha kuchagua, kinachobaki ni kuuliza mtu huyu yuko chini ya hukumu ya nani. Nia ya kurudi haigusi mafuta. Inagusa utii wa mlaji. Jibu la Rav Nachman kuhusu tundu la tumbo lilikwisha kutuonyesha kwamba Wababeli waliishi na hali hiyo bila kuiona kuwa ni upuuzi.

Sehemu ya kisa ambayo naiona nzito kuliko zote imekuja mwishoni, na wasomaji wengi huipita upesi. Rabba bar bar Hana alimwambia mwanawe: mwanangu, usile shahamu hii, wala mbele yangu wala nisipokuwepo. Mimi nilimwona Rabi Yohanan akila, na Rabi Yohanan anatosha kutegemewa, mbele yake na asipokuwepo. Wewe hukumwona, usile mbele yangu wala nisipokuwepo.

Tuyapime maneno haya. Mwana ana baba mwanachuoni, anamwona akila, na baba anathibitisha kwamba amepokea uhalali kutoka kwa mkubwa wa zama zake. Katika mambo mengi ya Torati mapokezi ya namna hiyo yangetosha. Hapa hayatoshi. Baba anategemea jicho lake, na jicho halirithiwi. Zaidi ya hayo, mwana hana nia ya kurudi mahali ambako pengine hakuwahi kufika. Ikiwa amekulia Babeli, makatazo ya Babeli ni yake kwa haki. Nyumba moja, meza moja, na chakula kile kile ni halali kwa baba na haramu kwa mwana. Mtu hapati mfano ulio wazi kuliko huu kwamba ubishi wa shahamu ulikuwa umekwisha kuwa ubishi wa nani ana haki ya kumtegemea nani.

Na kurasa zizo hizo zina kisa cha pili ambacho, kikiwekwa kando ya hiki, kinafunua jambo ambalo hakuna kimoja kingelifunua peke yake. Watu wa mji wa Beishan walikuwa na desturi ya kutosafiri kutoka Tiro kwenda Sidoni siku ya Ijumaa, wasije wakachelewa maandalizi ya Sabato. Watoto wao wakamwendea Rabi Yohanan, yuyo huyo mla shahamu, wakamwambia kwamba baba zao walikuwa na uwezo wa kuikosa biashara ya siku hiyo, na wao hawana. Akawakatalia: baba zenu walikwisha kulikubali, na imeandikwa usiiache sheria ya mama yako. Hivyo katazo ambalo baba alijiongezea humfuata mwana hata linapomuumiza mfukoni, lakini ruhusa ambayo baba aliitegemea haimfuati mwana hata anapokaa naye mezani. Makatazo hurithiwa, ruhusa huombwa upya na kila mmoja. Sijui kama wakusanyaji wa Talmudi waliviweka visa hivi karibu kwa makusudi hayo, lakini mtu akishaona hivyo ni vigumu kuvisoma tena vikiwa mbalimbali.

Kama ruhusa hairithiwi, basi shahamu ya tumbo la nne ilipaswa kutoweka mezani mwa Wayahudi wote waliokuja kuifuata Talmudi ya Babeli, yaani karibu wote. Haikutoweka. Katika bonde la mto Rhine, Ujerumani, kwenye jumuiya ambazo kati yake Speyer, Worms na Mainz ndizo zilizosifika zaidi kwa elimu, Wayahudi waliendelea kula sehemu ya shahamu hiyo katika Zama za Kati, wakiwa wamezungukwa na jumuiya nyingine za Kiyahudi zilizoiharimisha. Kwa karne nyingi jambo hilo lilisumbua vitabu vya hukumu. Katika karne ya 16 Rabi Moshe Isserles wa Kraków, aliyeandika nyongeza za Kiashkenazi, yaani za Wayahudi wa Ulaya ya kati na ya mashariki, juu ya kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo, alilitolea uamuzi katika sehemu ya Yoreh Dea, sura ya 64. Alisema watu wa Rhine wana mwenendo wa kuihalalisha na wasikatazwe, kwa kuwa mzee alikwisha kuwafundisha hivyo. Kila mahali pengine ambapo desturi ni kuiharimisha, hukumu yake ni kama ya shahamu yoyote nyingine, na ikianguka chunguni haipotei mpaka chakula kiizidi mara 60. Hata hivyo, vyombo vya watu wa Rhine visiharimishwe.

Uamuzi huu unastahili kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu nusu zake mbili hazielekei kukaa pamoja. Sheria ya vyombo katika Uyahudi inasema sufuria iliyopikiwa haramu hunyonya ladha yake na kuirudisha katika chakula kinachofuata. Ikiwa kwa mtu wa Kraków shahamu hiyo ni haramu kiasi cha kuhitaji mara 60, sufuria ya mtu wa Mainz imenyonya haramu, na chakula kilichopikwa humo kingepaswa kukataliwa. Isserles anaivunja hesabu hiyo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wao wanaihalalisha. Hasemi shahamu imekuwa halali kwa mgeni. Mgeni haruhusiwi kuila. Anasema tu kwamba msimamo wa mwenyeji, ukiwa umesimama juu ya mafundisho ya mzee, una nguvu ya kutosha kukisafisha chombo mbele ya mtu asiyekubaliana nao. Ni njia ile ile ya Rav Nachman na tundu lake: usile, lakini usifanye hesabu zako kana kwamba mwenzako ni mla haramu.

Mfano wa kale wa jambo hili umo katika Mishna ya Yevamot, sura ya 1. Nyumba ya Shamai na nyumba ya Hileli, shule mbili za marabi wa kale, walitofautiana katika mambo ya ndoa yenye matokeo mazito sana kwa watoto, na bado hawakuacha kuoana, wala hawakuacha kutumia vyombo vya wenzao katika mambo ya usafi. Talmudi, ukurasa wa 14 wa juzuu hiyo, inauliza iliwezekanaje, na moja ya majibu yake ni kwamba walikuwa wakijulishana: palipokuwa na mtu au kitu ambacho kwa upande wa pili hakifai, walimwambia, naye akajitenga. Kwa mwanga wa jibu hilo kosa la Rabba bar bar Hana, kama ni kosa, linapata sura iliyo wazi kuliko katika maneno ya Abaye. Angeweza kuacha chombo wazi na kuwaambia wageni wake kwamba hii ni ile shahamu ya upote, kwetu twaila, kwenu hamuili, karibuni kwenye mkate. Kwa kufunika, aliwanyima taarifa ambayo ingewawezesha kukaa mezani pake bila hatari na bila kudharauliwa.

Linabaki swali moja ambalo uamuzi wa Kraków unalilazimisha. Familia ya Mainz ikihamia Poland na sufuria zake, bila nia ya kurudi, kipimo cha Rav Ashi kinaikata ruhusa yake mara moja: tangu siku hiyo shahamu ya tumbo la nne ni haramu kwao kama kwa majirani wapya. Sufuria, hata hivyo, zilipikiwa wakati ambapo wenyewe walikuwa watu wa Rhine, na kwa maneno ya Isserles vyombo vya watu wa Rhine haviharimishwi. Jirani wa Kraków akialikwa jioni ya kwanza, kwa kadiri ninavyoielewa hukumu, anaweza kula kilichopikwa humo. Mwenyeji mwenyewe, ambaye sasa ni mtu wa Poland, anaweza kuendelea kupikia sufuria zile zile. Asichoweza ni kuirudisha shahamu ndani yake.